Umenunua Nafasi ya Tovuti, Sasa Wanataka Kitambulisho?

Jirani yangu hapa Huruma anauza viatu, upande wa kuelekea Kiamaiko. Juzi aliamua biashara iwe na tovuti. Akapata muuzaji wa nafasi ya tovuti mtandaoni, akalipa kwa simu, meseji ya malipo ikaingia. Dakika chache baadaye, WhatsApp: tuma picha ya kitambulisho, mbele na nyuma, pamoja na selfi. Akanipigia. "Huyu anataka kukopa na jina langu ama?"

Swali halali kabisa. Laini uliyolipia tayari imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ili akuhudumie, muuzaji anahitaji jina, namba ya simu na barua pepe, na kwa biashara ya kawaida inayotaka jina la .co.ke, mara nyingi hayo yanatosha. Majina kama .ac.ke na .go.ke ni ya vyuo na serikali, kwa hivyo huko kuombwa stakabadhi si ajabu.

Kuna wauzaji wanaoomba kitambulisho kwa sababu matapeli hununua nafasi wakafungua tovuti feki. Inaeleweka. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka achukue data anayohitaji tu, na akuambie ni ya kazi gani. Muulize: unaitakia nini, nani ataiona, utaifuta lini? Akianza ukali, tafuta mwingine. Ukikubali kutuma, pitia akaunti yako kwenye tovuti yao, si WhatsApp ya mtu binafsi, na uandike juu ya kopi jina la kampuni na tarehe ili isitumike kwingine. PIN yako haimhusu hata kidogo.

Halafu kuna kosa la upande wa pili, na mtaani naliona zaidi. Mtu anaogopa kutoa majina yake, kwa hivyo kijana wa saiba anasajili kila kitu kwa jina na barua pepe yake mwenyewe. Siku kijana akihama, tovuti imehama naye, maana kwa rekodi yeye ndiye mwenyewe.

Jirani aliuliza yale maswali. Jibu likaja: "Sawa, jina na email zinatosha." Ameandika zake. Ila alikumbuka mwaka jana alimtumia mtu mwingine picha ya kitambulisho, kwa hivyo tulipiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa jina lake. Zilikuwa mbili, zote zake.