Hati ya Nyumbani Inapokataa Kuchapika

Mwalimu akaaye Mikumi, aliyeandika mtihani wa hisabati usiku katika kompyuta yake ya nyumbani, akautia katika flashi na kukipambazuka akaupeleka steshenari kando ya barabara kuu iendayo Iringa, au akasafiri nao hadi Kilosa mjini ili uchapwe kwa printa ya leza ya ofisini, aghalabu hukutwa na masaibu haya: alama ya kipeuo imegeuka kisanduku kitupu, jedwali limekatwa ukingoni, na swali la mwisho limekimbilia ukurasa mwingine. Hapo lawama zote huangukia printa, ilhali yenyewe, mara nyingi, haina hatia.

Asili ya taksiri hii ni kwamba hati ya Word, kwa kawaida, huchukua maneno pamoja na majina ya fonti tu, lakini fonti zenyewe husalia nyumbani. Na kompyuta ya steshenari, isipoiona fonti iliyotajwa, huweka badala yake nyingine, ambayo herufi zake zikizidi upana hata kidogo, mistari yote husogea. Dawa yake ni kuigeuza hati kuwa PDF kabla ya kuondoka nyumbani, kwa kuwa muundo huo, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993 na kukubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, ulibuniwa kwa madhumuni hayo hasa, yaani kuhifadhi fonti, picha na mpangilio wa ukurasa ndani ya faili moja.

Sababu ya pili ni kipimo cha karatasi. Programu nyingi huwekewa tangu mwanzo karatasi ya Letter itumikayo Marekani, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa milimita 279, na sisi hutumia A4, ambayo ni 210 kwa 297. Printa iliyoamriwa kuchapa Letter huweza kusimama ikisubiri karatasi isiyokuwamo katika trei, taa yake ikimetameta, na watu wakadhani imekufa, kumbe yatosha kubadili kipimo katika kompyuta.

Sababu ya tatu ni lugha. Kompyuta huipelekea printa amri, ama kwa PostScript ya Adobe ya mwaka 1984, ama kwa PCL ya HP, ama kwa lugha nyingine ya mtengenezaji. Na mkalimani baina yao ni draiva. Draiva isiyo ya printa hiyo ikiwekwa, huenda zikamwagika kurasa tele za herufi zisizosomeka, na ikiwa mstari wa kwanza unaanza na alama %!PS, basi jua kwa yakini kwamba printa imepewa PostScript nayo haiifahamu, ikaichapa kama maandishi ya kawaida. Izimwe, foleni ya kuchapa ifutwe, kisha iwekwe draiva inayolingana na jina la printa.

Hata hivyo printa nayo ina maradhi yake. Ndani yake mwali wa leza huandika umbo la herufi juu ya ngoma yenye chaji ya umeme, unga wa tona hushika palipoandikwa, ukahamia karatasini, kisha joto kali huuyeyusha ugandame. Maandishi yakifutika kwa kidole, joto halikutosha au karatasi ina unyevu, jambo la kawaida bonde la Mkondoa wakati wa masika, kwa hiyo rimu isifunguliwe mpaka siku ya kutumika. Doa linalojirudia kwa umbali uleule katika ukurasa mmoja hutokana na kitu kizungukacho, hususan ngoma iliyokwaruzwa. Tena, madhali kipashio cha joto kinachouyeyusha unga huo huvuta umeme mwingi kwa ghafla, printa ya leza isiunganishwe na UPS ndogo ya kompyuta.

Basi fundi mwenye busara huifuata hati kama mkulima afuatavyo mfereji wake kutoka jaruba hadi banio, hatua kwa hatua, bila kuruka. Kwanza huiamuru printa itoe ukurasa wa majaribio kwa kitufe chake yenyewe. Ukiwa safi, mtambo ni mzima. Pili huchapa mstari mmoja wa maandishi kutoka kompyuta ya pale dukani. Ukitoka, waya na draiva ni salama. Hapo ndipo lawama hubaki kwa faili, nalo hujaribiwa kwa kuchapa ukurasa mmoja mmoja, kwani ukurasa wenye picha nzito huweza kuishinda kumbukumbu ya printa, au kwa kuchagua kuchapa kama picha. Anayeifuata taratibu hii hapotezi tona kwa kubahatisha, na mteja aliyetoka mbali hujua, kabla ya kulipa nauli ya kurudi nyumbani, ni kitu gani hasa cha kurekebisha.