Hata Kiazi Kitamu Huwa na Kesi ya Baba

Ukisikia DNA, najua akili yako inakimbilia wapi: mtoto, mama, na jamaa anayekwepa karo. Sasa nikuambie, kile kiazi kitamu unachoshushia chai asubuhi nacho huwa na kesi kama hiyo.

Mkulima hupanda marando, na marando ni nakala ya mmea uleule. Lakini mtafiti anayetaka aina mpya lazima apate mbegu, na mbegu ina wazazi wawili. Tuseme anataka rangi ya chungwa iliyojaa vitamini A kutoka kwa mmoja, na ule ukavu wa unga tunaoupenda kutoka kwa mwingine. Mama hana shida, mbegu imetoka kwake. Baba je? Nyuki akikutangulia kwenye ua, kwisha. Mara nyingine nyuki huachiwa kazi yote makusudi, aina kadhaa zikipandwa pamoja. Ongeza vibandiko vya majina vinavyochanganyika kitaluni, utaelewa kwa nini watu huenda maabara.

Hapo ndipo mambo huwa moto. Wewe una seti mbili za kromosomu, moja ya mama, moja ya baba, jumla 46. Kiazi kitamu kina seti sita, jumla 90. Kila mzazi humwachia mtoto tatu.

Kwa hivyo mtafiti anachuna jani, anatoa DNA, kisha anatafuta alama za jeni ambazo baba anayedaiwa anazo na mama hana. Mtoto akiwa nazo, huo ni ushahidi mzuri. Akiwa na alama ambayo si ya mama wala ya huyo baba, basi baba ni mwingine, ama kibandiko kimedanganya.

Lakini usikimbilie kuhukumu. Alama ya baba ikikosekana kwa mtoto, haimaanishi amekataliwa. Baba mwenye nakala moja tu ya alama kati ya sita humpa karibu nusu ya watoto wake, wengine hukosa. Ndiyo maana alama moja haitoshi. Zinapimwa nyingi, kisha zinasomwa kwa pamoja.

Kwani inatuhusu? Sana. Kutoka mbegu hadi aina inayofika kwa mkulima ni kazi ya miaka. Ukikosea baba, unachagua wazazi wa kizazi kijacho ukiwa gizani. Na si mchezo: ukosefu wa vitamini A unaweza kumpofusha mtoto. Kazi ya viazi vya rangi ya chungwa iliwashindia watafiti Tuzo ya World Food Prize mwaka 2016, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda.

DNA itakuambia baba ni nani. Kama kiazi chenyewe ni kitamu, hiyo bado ni kesi ya sufuria.