Mgololo: Mji wa Karatasi Uliofufuka Kando ya Mto

Ndugu msomaji, mfuko wa karatasi ulioubeba juzi kutoka dukani huenda ulianza safari yake katika Nyanda za Juu Kusini. Ukitoka Mbeya kwenda Iringa, ukiisha kupita Makambako, utaingia Wilaya ya Mufindi, penye misonobari ya Sao Hill, shamba kubwa la miti kuliko yote nchini. Upande wako wa kulia, mbali na barabara kuu, ndiko uliko Mgololo, mji wa kiwanda uliojengwa kando ya mto Kigogo Ruaha.

Kwa nini pale? Kiwanda cha karatasi huhitaji vitu viwili kwa wingi: miti na maji. Magogo hukatwa vipande vidogo, yakapikwa kwa kemikali kali hadi nyuzi zake ziachane. Nyuzi hizo huoshwa, zikatandazwa, zikakamuliwa na kukaushwa. Maji meusi yanayobaki hukolezwa na kuchomwa ili kupata mvuke wa kuendeshea mitambo.

Kiwanda kilianza kazi katikati ya miaka ya 1980, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada ya nchi kadhaa, Sweden ikiwa mojawapo. Kilikusudiwa kutoa tani 60,000 kwa mwaka, za karatasi za kuandikia na za kufungia bidhaa. Kiwango hicho hakikufikiwa. Fedha za kigeni za kununulia vipuri na kemikali zilikuwa haba, na katika miaka ya 1990 mitambo ikanyamaza. Fikiri, msomaji, maana ya jambo hilo katika mji wenye kiwanda kimoja: mshahara ukikatika, mwenye duka hukosa mteja, fundi hukosa kazi, na kijana hufunga mzigo wake.

Huko Sweden kwenyewe upo mji wa Norrköping, nao wa viwanda vya nguo na karatasi kando ya mto. Viwanda vilipofungwa, majengo yake yaligeuzwa: kimoja cha karatasi kikawa ukumbi wa muziki mwaka 1994, na mengine yakawa chuo kikuu. Lakini ule ni mji mkubwa wenye shughuli nyingi. Mgololo ulikuwa na msitu, mto na mitambo tu. Haukuwa na budi kufufuka kwa kazi ile ile.

Mwaka 2004 kiwanda kilinunuliwa na kampuni ya Rai ya Kenya, kikaitwa Mufindi Paper Mills. Sasa hutegemea zaidi karatasi ngumu za kahawia, za mifuko na maboksi. Nyuzi ndefu za msonobari ndizo zinazoipa karatasi hiyo nguvu. Na tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, mfuko wa karatasi umepata heshima mpya sokoni.

Hata hivyo, tusisahau mambo mawili. Mto unaokilisha kiwanda hushuka hadi kwa wakulima na wavuvi wa bonde la Kilombero, hivyo usafi wa maji yanayorudishwa mtoni ni haki yao. Na mji wa kiwanda kimoja hubaki mashakani. Mzazi anayefanya kazi pale amfundishe mwanawe ufundi utakaomfaa hata mitambo ikinyamaza tena.