Matete: nyasi ya majini katika nchi kame ya Dodoma

Matete ni nyasi, ya familia moja na mtama, uwele, mahindi na mianzi. Aina inayoonekana zaidi kandokando ya mito ya Tanzania huitwa kitaalamu Phragmites mauritianus, na makazi yake ni Afrika ya kitropiki pamoja na Madagaska na visiwa jirani vya Bahari ya Hindi. Ndugu yake, Phragmites australis, hupatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika.

Bua la matete ni gumu, lina uwazi ndani na limegawanyika kwa vifundo na pingili. Mahali penye maji ya kutosha laweza kufikia mita 8. Majani hutoka kwa zamu, moja upande huu na jingine upande wa pili, na kila moja limelishika bua kwa ala yake. Pale ala inapokutana na jani pana mstari wa vinyweleo vifupi. Ncha ya jani ni kavu na kali, nayo humchoma apitaye kichakani bila nguo nzito. Phragmites australis ina ncha laini inayopinda. Juu kabisa huchanua suke kubwa lenye matawi mengi, na vishuke vyake vina manyoya ya hariri yanayozisaidia mbegu kupeperushwa na upepo.

Mara nyingi matete huchanganywa na mimea mingine. Mafunjo si nyasi hasa: bua lake lina pembe tatu na halina vifundo. Mabingobingo, yanayopandwa kulishia ng'ombe wa maziwa, ni nyasi kweli, lakini suke lake limesongamana kama brashi ya kuoshea chupa.

Sehemu kuu ya mmea haionekani. Chini ya tope au mchanga yamo mashina manene yanayotambaa na kutoa mizizi kila kifundo. Humo ndimo akiba ya chakula inamowekwa. Mabua ya juu hukauka, huvunjika au huungua, lakini mashina ya chini hubaki hai na kuchipua tena. Kichaka kinachoonekana kuwa na mamia ya matete mara nyingi ni mmea mmoja uliojitanua kwa miaka mingi. Mafuriko nayo huvunja vipande vya mashina hayo na kuvitupa ukingo wa mbali, vikaanza kichaka kipya. Kwa njia hii matete huenea zaidi kuliko kwa mbegu, maana nyingi haziwahi kuota.

Tope lililojaa maji halina hewa, na mizizi ya mimea mingi huoza humo. Utafiti juu ya Phragmites australis umeonyesha jinsi nyasi hii inavyolikabili tatizo hilo. Hewa huingia kupitia ala za majani mabichi, husukumwa hadi mashina ya chini kupitia uwazi wa mabua, kisha hutokea kwenye mabua makavu yaliyovunjika. Ndiyo maana kukata mabua yote chini ya usawa wa maji huweza kuua kichaka kizima, ilhali kuyakata juu ya maji hakukidhuru sana.

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kwenye miteremko mikavu ya Chimwaga, kilipo Chuo Kikuu cha Dodoma, matete hayana nafasi. Mahali pake ni mabondeni: kingo za mabwawa, maeneo oevu na mikondo ya mito ya msimu. Mito mingi ya uwanda huu hutiririka kwa muda mfupi tu, kisha hubaki mchanga mtupu. Matete mabichi katikati ya mchanga huo wakati wa kiangazi ni dalili kwamba maji hayako mbali chini.

Vichaka hivyo vina wakazi wengi. Vifaranga vya perege na kambale hujificha kati ya mabua, na ndege hufuma viota juu yake. Kwelea kwelea nao hulala humo kwa makundi makubwa, kisha alfajiri huruka kwenda kuvamia mashamba ya mtama na uwele. Mkulima wa Dodoma ana sababu ya kuyatazama matete kwa jicho la tahadhari.

Faida zake, hata hivyo, ni nyingi. Mabua makavu hutumika kujengea uzio, dari, vichanja na migono ya kuvulia samaki. Machipukizi machanga huliwa na mifugo. Mizizi hukamata udongo wa ukingo usichukuliwe na mafuriko. Jijini Dar es Salaam watafiti wa vyuo wameipanda Phragmites mauritianus katika mabwawa ya changarawe ili kusafisha majitaka, na hapo mizizi hutoa makazi kwa bakteria wanaovunja uchafu.

Adui mkubwa wa matete ni jembe. Moto na panga huondoa mabua tu, lakini kulima ukingoni hung'oa mashina ya chini na kuua mmea wenyewe, na mvua inayofuata huubeba udongo hadi bwawani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Anayehitaji matete na ayakate kiangazi, juu ya usawa wa maji, na kuyaacha mashina ardhini. Msimu ujao atayakuta yamechipua.