Kijana Mnene Naye Ana Nafasi Uwanjani
Ndugu waelimishaji, tunapowakusanya vijana wa makabila mbalimbali wa Mashamba kwa michezo, tusimpoteze kijana mnene kwa kumkimbiza kupita kiasi siku ya kwanza.

Mafuta mengi ya tumboni hutoa kemikali zinazoifanya kinga ya mwili ipigane bila adui. Uvimbe huo wa ndani, usioonekana, huchangia kisukari na magonjwa ya moyo. Misuli inayofanya kazi hutoa kemikali za kuutuliza. Zoezi kali la ghafla linaweza kuuongeza kwa muda. Zoezi la wastani, likirudiwa, husaidia kuupunguza.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima wafanye zoezi la wastani angalau dakika 150 kwa juma. Kipimo ni rahisi: aweze kuongea, asiweze kuimba. Aanze kwa kutembea haraka, mbio zitafuata. Uwanja wa amani haumwachi mtu pembeni.