Jezi ikinata mgongoni, kocha ashtuke!

CHUMBI, Rufiji. Timu ya kutoka nyanda za baridi, mathalani Njombe au Iringa, ikishuka kukipiga huku Pwani, dakika ya 20 tu jezi zimeshanata mgongoni kama zimebandikwa kwa gundi. Pembeni mwa uwanja mashabiki wanaanza kelele, eti wageni wameshachemka. Ukweli ni kwamba jezi hiyo inatoa taarifa, na kocha makini anapaswa kuisoma.

Chumbi ipo wilayani Rufiji, kusini mwa Daraja la Mkapa, kwenye barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Mto Rufiji uko jirani, Bahari ya Hindi nayo haiko mbali. Wakati wa masika hewa inajaa mvuke, na hapo ndipo shughuli inapoanza.

Wengi wanadhani mchezaji anapoa kwa kutoka jasho. Sivyo. Anapoa jasho linapokauka. Lita 1 ya jasho ikikaukia yote kwenye ngozi huondoka na joto la takriban kilokalori 580. Likidondoka chini, limepotea bure. Hewa iliyokwisha kushiba mvuke hukausha jasho taratibu mno, hivyo mchezaji analowa chapachapa huku joto likibaki mwilini.

KWA NINI INANATA?

Maji kidogo yakikaa katikati ya vitu viwili huvivuta vishikane. Ndiyo maana muuza duka hulamba kidole anapohesabu noti, na kipa hulowesha glovu kidogo kabla ya penalti. Yakizidi, mambo yanageuka: mpira uliolowa mvua unamponyoka kipa. Isitoshe, ngozi iliyolowa hulainika na kusuguana zaidi na kitambaa, ndipo michubuko ya mapajani na kwapani inapoanzia.

Chumvi nayo imo. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani. Akina mama wanalijua hilo, maana masika chumvi ya kwenye kopo huganda madonge. Sasa jezi iliyoanikwa bila kufuliwa, ikiwa bado na chumvi ya jasho la jana, leo unaivaa tayari inanata.

HATA MWAMUZI ALIYUMBA

Anayeona ni utani akumbuke Limbe, mji wa pwani ya Cameroon, Januari 12, 2022. Katika mechi ya Afcon kati ya Tunisia na Mali, mwamuzi Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85, mchezo ukarejea, kisha akaumaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Mali ilishinda 1-0. Baadaye bosi wa waamuzi wa Caf, Essam Abdel-Fatah, alieleza kuwa joto lilimwathiri.

Kama limemyumbisha mwamuzi wa kiwango hicho, itakuwaje kwa kijana wa chandimu anayeingia uwanjani saa nane mchana?

Fifa haiangalii joto tu. Kipimo chake hujumuisha unyevu na jua, na kikifika 32 mechi inaweza kusimamishwa wachezaji wanywe maji. Ndivyo ilivyokuwa Uholanzi ilipocheza na Mexico huko Fortaleza, Kombe la Dunia 2014.

Chumbi hakuhitajiki mitambo. Mechi isogezwe jioni, maji yanywewe katikati ya kila kipindi, jezi zibadilishwe mapumziko na zifuliwe kila baada ya mchezo. Wageni wafike siku kadhaa kabla, mwili uzoee.

Na mchezaji akianza kuyumba, kutapika au kuongea yasiyoeleweka, asiambiwe akaze. Atolewe, awekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe kwa nguvu, huku usafiri wa kumpeleka hospitali ukitafutwa. Pointi tatu zitapatikana wiki ijayo.