Konyeza hufa lini?

Sisi wa Karatu tuko mbali na bahari. Hata hivyo, kila likizo wapo watoto wetu wanaokwenda kwa ndugu zao Tanga na Dar es Salaam, nao hurudi na habari za konyeza, mnyama laini kama ute aliyewawasha miguu. Swali ninaloulizwa ni hili: kiumbe huyo asiye na mfupa, moyo wala ubongo, huishi muda gani?

Jibu linategemea unaanza kumhesabu wapi. Konyeza tunayemjua, mwenye umbo la mwavuli, ni hatua moja tu ya maisha yake. Dume humwaga mbegu majini, jike hutoa mayai, na yai lililorutubishwa huwa buu mdogo anayeogelea. Buu hujibandika kwenye mwamba au nguzo ya gati, akageuka kitu kama kikombe kidogo chenye minyiri. Wataalamu humwita polipi.

Polipi ni kama shina la mgomba. Huchipua wenzake pembeni, na wakati ukifika mwili wake hukatika pingili pingili, mfano wa sahani zilizopangwa. Kila sahani hujitenga, ikaenda zake na kukua kuwa mwavuli. Kwa konyeza wengi, mwavuli huo huishi miezi michache, pengine mwaka. Akishazaa hufa, kama mgomba uliokwisha kutoa mkungu. Lakini polipi aweza kubaki mwambani miaka kadhaa, akisubiri msimu mwingine. Ndiyo sababu konyeza hutoweka, kisha ghafla wakajaa ufukweni.

Yupo mmoja anayekiuka hata kanuni hiyo. Mwaka 1996 wanasayansi, akiwamo Stefano Piraino wa Italia, walieleza kwamba konyeza mdogo wa Mediterania, aitwaye kitaalamu Turritopsis, akijeruhiwa au akikosa chakula huweza kurudi kuwa polipi na kuanza upya. Wengi wakamwita asiyekufa. Mimi siafiki jina hilo: samaki akimmeza, habari yake imekwisha.

Wala tusidhani konyeza ni wa bahari tu. Mwaka 1883 msafiri Mjerumani, Richard Böhm, aliwaona katika Ziwa Tanganyika, wadogo, upana wa sentimita mbili hivi. Wakatokea waliodai kwamba zamani ziwa hilo liliungana na bahari. Dhana hiyo ikaanguka, maana jamaa zake walipatikana pia Ziwa Victoria na katika mito ya Afrika. Huyu wa Tanganyika hana haja ya kumsubiri polipi kila mara. Huweza kuchipua watoto kutoka mwilini mwake mwenyewe, karibu na mdomo. Mwogaji hana la kumhofia.

Wa baharini ndiye wa kuangaliwa. Mzazi, mweleze mwanao hivi: konyeza aliyekufa mchangani bado anachoma, kwa kuwa vijifuko vyake vya sumu hufyatuka vikiguswa, mwenyewe awe hai au mfu. Mtoto akichomwa, msimsugue kwa mchanga wala kumwosha kwa maji ya bomba. Mwosheni kwa maji ya bahari, ondoeni minyiri kwa kijiti, si kwa vidole vitupu. Akianza kupumua kwa shida, mkimbizeni hospitali bila kungoja.